Tulisomeshwa na Nini? Historia Fupi ya Nyumba na Shule Huku Kwetu



Wanaokitunza kijitabu hiki cha harambee wanajua kwamba kila mwaka kurasa zake hujaa picha za majengo: msingi uliochimbwa, ukuta uliofika kwenye linta, bati lililopauliwa, na sisi wenyewe tumesimama mbele yake tukiwa na suti na vitenge vya sare. Mwaka huu kamati ilituomba tuandike historia ya elimu ya huku kwetu Vunjo. Tulikwenda kwa wazee tukiwa na madaftari, tukitaka kujua shule ipi ilianza lini na nani alitoa mawe. Wazee walijibu hayo haraka haraka, kisha wakatupeleka kwingine. Tukiwauliza habari za shule, wao wanatupa habari za nyumbani: nani alikuwa anaamka kuwasha moto, ng'ombe gani aliuzwa, nani aliachiwa majani ya kukata ili mwingine asome. Tuliporudi na kusoma tulichoandika, tukaona kwamba historia yenyewe ndiyo hiyo.

Shule zilipanda mlimani pamoja na misheni. Wakatoliki walifika Kilema mwanzoni mwa miaka ya 1890. Walutheri wa Leipzig walianza Machame mwaka 1893, na mwaka uliofuata wakawa Mamba. Wazee wanasimulia walivyosikia kwa babu zao kwamba watu hawakukimbilia shule. Mtoto alikuwa na kazi yake: mbuzi, majani, kuni, maji, na kufukuza ngedere mashambani. Kumtoa mtoto huyo asubuhi nzima akakae kwenye benchi ni kuipunguzia nyumba mikono miwili. Wamangi walihimiza, wengine kwa nguvu, na familia nyingi zilitoa mtoto mmoja tu, mara nyingi yule ambaye kazini alikuwa mzito. Tunacheka leo, lakini baadhi ya waalimu wetu wa kwanza walitoka katika kundi hilo la watoto waliotolewa kwa sababu nyumba ingeweza kuwakosa.

Kilichobadilisha mambo ni kahawa. Mapadre wa Kilema ndio wanaotajwa kuwa wa mwanzo kuipanda mlimani, na baada ya Vita Kuu ya Kwanza ilienea kwenye vihamba vyetu chini ya kivuli cha migomba. Mwaka 1925 wakulima waliunda chama chao, Kilimanjaro Native Planters Association, na mwaka 1933 ikaja KNCU na vyama vyake vya msingi. Pamoja na chama ikaja mizani, na pamoja na mizani ikaja stakabadhi. Hapo baba ambaye hakujua kusoma alikutana na karatasi yenye jina lake na kilo zake, akalazimika kumwamini karani. Mtoto wa darasa la tatu aliyeweza kuisoma karatasi ile kwa sauti mbele ya babake alikuwa ametoa hoja kubwa kuliko mahubiri yoyote ya kupeleka watoto shule.

Kahawa pia ilileta mpangilio wa mwaka. Malipo hayakuja mara moja. Yalikuja ya kwanza mkulima alipopeleka, kisha ya pili mauzo yakishajulikana, na kila nyumba ilijua ni malipo yapi ya ada na yapi ya bati. Ila msimu wa kahawa na kalenda ya shule havikuwahi kupatana vizuri. Katikati kulikuwa na miezi mikavu ambapo mtoto anadaiwa na chama hakijalipa. Ni nani aliyeziba pengo hilo? Hapa wazee wa kiume walinyamaza kidogo, na kina mama ndio waliojibu. Kahawa ilikuwa ya baba. Ndizi na maziwa vilikuwa vya mama. Mkungu uliobebwa kichwani hadi soko la Mwika au Marangu Mtoni, na kibuyu cha maziwa kilichouzwa badala ya kunywewa, ndivyo vilivyonunua daftari, kalamu na kaptula. Ng'ombe yule alifungiwa bandani mlimani na majani yake yalifuatwa tambarare, mzigo mzima kichwani, kilomita kadhaa za kupanda. Kwenye vitabu utasoma kwamba kahawa ndiyo iliyousomesha mlima. Sisi hatukatai, lakini hesabu hiyo haijakamilika bila ndizi na maziwa.

Jambo jingine ambalo halionekani kwenye picha za majengo ni ardhi. Kwa mila yetu kihamba kilikwenda kwa mtoto wa kiume wa kwanza, na nyumba ya wazazi kwa wa mwisho. Wa katikati alitafutiwa mahali palipokuwa wazi, enzi palipokuwapo. Kufikia miaka ya 1940 na 1950 mahali wazi palikuwa pameisha. Ndipo wazazi walipoanza kumwambia mtoto wa kati kwamba kihamba chake ni shule. Haikuwa lugha ya mapambo. Ilikuwa mirathi, na iligawiwa kwa uzito uleule ambao ndugu mwingine alionyeshwa mpaka wa shamba kwa masale. Wengi mnaosoma kijitabu hiki mkiwa mijini ni wajukuu wa watoto wa kati.

Na mabinti? Tuseme wazi, kwa sababu historia inayoruka jambo hili ni ya uongo. Mirathi ile haikuwahusu. Nyumba nyingi zilikuwa na kibatari kimoja, na kilichoandikwa mbele ya kibatari kile kiliandikwa na kaka wakati dada yake yuko jikoni au bado hajarudi na majani. Alipofika darasa la nne, mtihani ulikuwa mkali kwa wote, kwa kuwa nafasi za shule ya kati, yaani darasa la tano hadi la nane, zilikuwa chache. Ila kijana akishindwa aliulizwa kwa nini. Binti akishindwa hakuulizwa. Mama mmoja mwenye zaidi ya miaka themanini alitueleza kwamba alijifunza kusoma kwa kusikiliza: kakake alikuwa anakariri kwa sauti, yeye anamenya ndizi. Hakuwahi kupata cheti, lakini watoto wake wote saba walisoma, na madaftari yao aliyakagua yeye.

Baada ya Uhuru mambo yalikwenda mbio, na hapa tutapita upesi kwa sababu wengi mnayakumbuka. Ada ya sekondari ilifutwa mwaka 1964. Mwaka 1967 likaja Azimio la Arusha na Elimu ya Kujitegemea. Shule nyingi za madhehebu zilichukuliwa na serikali kuanzia 1970. Ada ya msingi ikafutwa mwaka 1973, na kufikia 1977 kila mtoto wa umri wa shule alitakiwa awe darasani chini ya mpango wa elimu ya msingi kwa wote, ule uliotuletea waalimu tuliozoea kuwaita waalimu wa UPE. Katikati ya hayo, mwaka 1976, vyama vya ushirika vilivunjwa na kurudishwa tena miaka ya 1980. Nafasi za kidato cha kwanza nazo ziligawanywa kwa mikoa ili sehemu zilizoachwa nyuma zipate. Lengo lilikuwa la haki. Nyumbani lilimaanisha kwamba mtoto aliyefaulu darasa la saba anaweza kurudi akakaa kibarazani.

Jibu la wazee wetu kwa watoto wale waliokaa kibarazani ndilo sehemu ya historia tunayojivunia zaidi. Serikali iliporuhusu wananchi na taasisi kufungua sekondari, mlima ulijenga kama ulivyokuwa umechimba mifongo. Wanaojua mfongo wanajua: maji yanatoka juu kabisa, yanapita vihamba vya watu wengi, na kila ukoo unaokunywa una siku yake ya kwenda kuzibua. Asiyefika analipa, na asiyelipa hapati zamu ya maji. Hivyo hivyo mawe yalisombwa, mchanga ukapandishwa, na kwenye mizani ya kahawa yakawekwa makato madogo kwa kilo. Mkoa wa Kilimanjaro ukawa miongoni mwa mikoa iliyoongoza nchini kwa wingi wa sekondari zisizo za serikali. Shule hizo zilikuwa na sakafu ya vumbi na waalimu wachache, lakini mzazi aliyebeba jiwe alijua liko ukuta gani. Alikuwa na sababu ya kuingia getini.

Kisha kahawa ikaanguka. Mwaka 1989 mapatano ya kimataifa ya mgawo wa kahawa yalivunjika na bei ikaporomoka. Mibuni ilikuwa imezeeka, dawa za magonjwa zikapanda bei, na kufikia katikati ya miaka ya 1990 wanunuzi binafsi walikuwa wameingia na ushirika ukayumba. Baadhi yetu tuliwaona baba zetu waking'oa mibuni waliyoipanda wakiwa vijana. Kuanzia hapo fedha ya shule haikutoka kihambani tena. Ilitoka mjini, kwa basi, ndani ya bahasha, na baadaye kwa simu. Chama chetu kilizaliwa katika miaka hiyo, na kilizaliwa kwa nia njema kabisa: waliosoma wawasaidie walio nyuma.

Lakini tazameni kilichobadilika. Kwa miaka sitini, aliyelipa na aliyesoma walilala chini ya paa moja. Baba aliyelipa alimwona mtoto akirudi, na mama aliyeuza maziwa alijua kama daftari limejaa au ni tupu. Sasa anayelipa yuko Tabata na anayesoma yuko kwa bibi. Idadi ya watu inaonyesha hali hiyo. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 1,640,087 mkoani Kilimanjaro, na ile ya 2022 ikahesabu 1,861,934. Ongezeko hilo kwa miaka kumi ni dogo sana ukilinganisha na la taifa zima. Vijana wanahama. Wanaobaki kwenye vihamba ni wazee, na mara nyingi wajukuu walioletwa.

Hapo tunafika kwenye jambo lililotuuma tulipokuwa tukiandika. Sisi tunakuja nyumbani Desemba. Mabasi yanapandisha kutoka Himo yamejaa, magari yanapangana barabarani, mbuzi anachinjwa, mbege inatoka. Kati ya Krismasi na Mwaka Mpya tunatembelea shule. Na Desemba shule zimefungwa! Kwa zaidi ya miaka thelathini tumekagua shule zisizo na watoto. Tuliona nyufa, tukatoa saruji. Tuliona bati lililochakaa, tukatoa bati. Hatukuona mtoto anayesinzia saa saba mchana kwa kuwa hajala tangu jana usiku, kwa sababu siku tuliyofika alikuwa nyumbani kwetu anakula pilau.

Tukubali na kosa letu. Miaka michache iliyopita chama kilijenga chumba cha maktaba katika mojawapo ya shule zetu. Ni chumba kizuri, kina madirisha makubwa, na bango la majina ya wafadhili limechongwa kwenye jiwe. Tulikata utepe, tukapiga picha, tukarudi mjini. Desemba iliyofuata tulikuta kufuli lina kutu. Ndani kulikuwa na viti vilivyovunjika na vitabu kwenye maboksi yaleyale tuliyoyaleta, mengine hayajafunguliwa. Kwanza tuliwalaumu waalimu. Tulipotulia tukajiuliza: tuliwahi kumuuliza mwalimu yeyote nani atafungua mlango huo saa kumi jioni? Tulimuuliza mzazi yeyote kama atamruhusu mtoto abaki hadi saa kumi na moja badala ya kwenda kukata majani? Hatukuuliza. Tulileta nyumba ya vitabu, mambo ya nyumbani hatukuyagusa.

Wakati huohuo, upungufu wa kuta umeanza kupungua. Sekondari za kata zilijengwa kwa wingi kuanzia katikati ya miaka ya 2000, na mwaka 2021 serikali ilianza kujenga madarasa 15,000 nchini kwa fedha za mpango wa UVIKO. Januari 2016 ada ilifutwa hadi kidato cha nne. Serikali hupeleka ruzuku inayokokotolewa kwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka na 25,000 kwa wa sekondari. Ni msaada wa kweli, na yeyote aliyewahi kumwona mtoto akirudishwa nyumbani kwa ajili ya ada hatathubutu kuudharau. Ila neno bila malipo lilisikika vibaya masikioni mwetu. Wengi walilielewa kuwa bila mzazi. Kwenye vikao vya wazazi tulivyohudhuria mwaka huu (safari hii tulikuja siku za shule), waliokuja wengi ni mabibi, na baadhi yao walikuja kwa sababu tu mwalimu alituma ujumbe kwamba kuna mambo ya kutia sahihi. Waraka wa serikali haukuwaondolea wazazi chakula, sare wala madaftari. Na hakuna waraka unaoweza kuuliza mtoto amejifunza nini leo.

Tuliyoyaona katika siku hizo za shule ni machache na ya kawaida. Mahali ambapo wazazi wamekubaliana kuchanga mahindi na maharage, watoto wanabaki darasani mchana. Mahali ambapo hawajakubaliana, kipindi cha mwisho ni cha madawati. Siku za soko mahudhurio yanashuka, kama yalivyoshuka enzi za mama zetu, tofauti ni kwamba leo anayebaki nyumbani kusaidia ni wa kike na wa kiume pia. Kidato cha kwanza ni mlima mwingine. Mtoto aliyesoma kwa Kiswahili miaka saba anaingia darasani Januari na kukuta kila kitu ni Kiingereza, na tofauti kati ya anayeshika na anayezama mara nyingi ni ile miezi mitatu baada ya mtihani wa darasa la saba: wengine wanapelekwa masomo ya maandalizi, wengine wanapelekwa vibarua.

Tulikutana pia na bibi mmoja ambaye hajui kusoma. Kila usiku baada ya chakula anamwambia mjukuu amsomee kilichoandikwa siku hiyo, chochote, hata hesabu. Mtoto akisoma kwa kusitasita, bibi anajua hakuelewa, na kesho yake anamsindikiza hadi kwa mwalimu. Babake yuko Dar es Salaam na anatuma fedha bila kukosa. Kwa bahati nzuri anapiga simu pia, saa moja na nusu usiku, na simu hiyo si ya salamu za jumla. Anauliza somo kwa somo, na anamuuliza bibi alichosikia. Tuliporudi mjini tuliwaeleza wenzetu habari hiyo na wawili walikiri kwamba hawajui mtoto wao yuko mkondo gani, A au B. Tunawashukuru kwa ukweli wao. Na sisi wengine tuliokaa kimya siku ile hatukuwa bora kuliko wao.

Wapo waliotuambia kwamba suluhisho ni bweni. Wamewapeleka watoto shule za kulala wakiwa wadogo sana, na mwaka 2023 serikali ililazimika kupiga marufuku bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne, isipokuwa kwa kibali maalumu. Hatuwahukumu wazazi hao, maana kazi za mjini tunazijua. Lakini mtoto wa miaka sita anahitaji mtu wa kumuuliza jioni, na matroni mwenye watoto wengi hivyo hawezi kuwauliza wote.

Kwa hiyo orodha ya harambee ya mwaka huu, mtakayoiona ukurasa unaofuata, haina jengo jipya. Kuna wajumbe walioipinga, na hoja yao ilikuwa nzito: jengo linaonekana, na kinachoonekana ndicho kinachochangiwa. Tumebishana vikao vitatu. Mwishowe tumekubaliana kuomba mambo manne. La kwanza ni masufuria, jiko sanifu na akiba ya mahindi na maharage, ili familia isiyoweza kuchanga isimfanye mtoto wake akose chakula. La pili ni posho ya mtu wa kufungua ile maktaba jioni, pamoja na taa za sola. Tumeshapiga hesabu na wazazi wa vitongoji vitatu vya jirani, na wamekubali watoto waanze kukata majani Jumamosi na asubuhi za likizo. La tatu ni masomo ya Kiingereza kuanzia Oktoba hadi Desemba kwa waliomaliza darasa la saba, bila kuangalia nani ana uwezo. La nne ni nauli na chai kwa kikao cha wazazi kila muhula, kwa sababu bibi wa kitongoji cha juu anashuka na kupanda saa mbili.

Na tunaomba jambo la tano ambalo haliwezi kuandikwa kwenye bahasha ya ahadi. Kila mwanachama achague siku moja ya kazi, kati ya Februari na Mei au kati ya Julai na Oktoba, aombe ruhusa kazini, apande basi, aje akae darasani na mtoto wa kwao kuanzia kengele ya asubuhi hadi ya jioni. Katibu ana daftari la kuandikisha siku hizo, na litakuwa mezani pale mlangoni siku ya harambee. Waalimu wakuu wameshataarifiwa. Februari bado ina nafasi nyingi.